Kiingereza cha Michenga

Hapa Michenga, Ifakara, Kiingereza hatukikosei ovyo. Tunakikosea kwa utaratibu. Mtoto husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akiingia kidato cha kwanza anakuta baiolojia na jiografia zimegeuka Kiingereza zote mbili, na ukutani pameandikwa kwamba Kiswahili ni marufuku. Anafanya ambalo mtu yeyote mwenye akili angelifanya: anawaza kwa Kiswahili, kisha anatafuta maneno ya kuyavalisha mawazo yake. Vituko huanzia hapo.

Chukua "he" na "she". Sisi tuna "yeye", inatosha. Mtu hatumpekui jinsia kabla ya kumsema. Jirani yangu huwatambulisha wageni kwa mumewe hivi: "My husband, she is a farmer." Mzee mwenyewe, ndevu zimemfika kifuani, huitikia kwa kichwa na kutoa mkono.

Saa nazo zina mambo yake. Siku yetu huanza kuhesabiwa jua likichomoza, kwa hiyo saa mbili asubuhi Mwingereza huiita nane. Kijana wa bodaboda alipatana na mgeni mmoja ampeleke mtoni Kilombero "two o'clock". Saa mbili asubuhi kijana yuko mlangoni, honi juu ya honi. Mgeni akachungulia dirishani na mswaki mdomoni, haelewi ugomvi umetoka wapi. Kijana akaondoka amenuna: Wazungu hawajali muda! Saa nane mchana mgeni kasimama barabarani na kofia yake, jua linamchoma, naye anasema hayo hayo juu yetu.

Wageni hapa si jambo jipya. Waswisi walifungua maabara yao Ifakara tangu miaka ya 1950, na habari za mbu na malaria tumezizoea. Ndiyo maana mwanafunzi mmoja wa kigeni alipomuuliza mpwa wangu kwa Kiingereza, "Jana hukulala kwenye chandarua?" kijana alijibu bila wasiwasi: "Yes." Yaani ndiyo, hujakosea, sikulala. Mgeni akaandika kwenye daftari kwamba amelala. Kijana kaumwa na mbu mikono yote miwili, daftari lina habari njema.

Kilele ni bango. Mwenye mashine ya kukoboa alitaka wateja wa Dar es Salaam wajue ubora wa mchele wetu, akamwita fundi rangi. Bango likasimama, herufi nyekundu kubwa: BEST KILOMBERO LICE. Nikamwambia fundi kwamba hapo tunatangaza chawa.

"Mwalimu," akanijibu huku anaosha brashi, "herufi ni nne kwa nne. L na R ni ndugu."

Mwenye mashine alipoelezwa, akauliza kufuta ni shilingi ngapi. Aliposikia bei, akasema liachwe. Chawa siku hizi wana soko, hasa uchaguzi ukikaribia. Na kweli, hakuna mteja aliyelalamika. Wanaofika pale wanataka kujua kilo bei gani, na kama mchele una chenga.

Aliyelalamika ni yule yule mgeni wa chandarua. Alilipiga bango picha, akacheka hadi akaketi chini. Hakuna ubaya, kosa ni kosa. Lakini lugha yake, pamoja na ukubwa wake, katika mazungumzo ya kila siku ina "rice" moja tu. Ukiwa shambani ni rice, ukitoka mashineni ni rice, ukiwa sahanini ni rice. Bonde hili la Kilombero likiishi kwa msamiati huo, mtu atanunua chakula cha mchana apewe mbegu.

Alipomaliza kucheka, njaa ikamshika. Akavuka barabara hadi kwa mama ntilie na kuagiza kwa Kiswahili alichokariri vizuri: "Shikamoo mama. Naomba mchele na maharage."

"Marahaba, mwanangu," mama ntilie akaitikia. Akampimia kilo ya mchele, kilo ya maharage, akamfungia kwenye mifuko miwili na kumdai hela yake.