Mchore Aliyekukosea, Pua Yake Iache

Mzee mmoja wa kwetu Nyamirambo, fundi redio aliyekwisha kufunga kibanda chake, hutembea na daftari la hesabu lenye vijisanduku na kalamu ya wino wa buluu. Kila asubuhi hukaa pale pale, meza ya pembeni ya mkahawa mmoja wa Biryogo, akaagiza chai ya maziwa na chapati mbili, akafungua daftari. Hajawahi kuuza kibonzo hata kimoja wala hajakanyaga chuo cha sanaa. Anachora watu waliomkosea, basi. Aliyekopa akanyamaza yumo. Aliyemkatiza maneno kwenye mkutano wa mtaa yumo. Kijana wa pikipiki aliyemrushia maji ya dimbwi asubuhi ya Idi, kanzu ikiwa nyeupe pe, yumo mara tatu.

Kwa Kinyarwanda kinyongo cha namna hiyo huitwa inzika, na mwenye nacho husemwa kuwa anakiweka: kubika inzika, kitenzi kile kile cha kuweka akiba. Mzee ana akiba kubwa. Mtaa mzima unataka kujua imeongezeka kiasi gani, na "leo kamchora nani?" imekuwa salamu ya pili baada ya salamu yenyewe. Kuna watu huagiza kikombe cha pili, kiu imekwisha kitambo, ili wapate kuchungulia ukurasa.

Nampenda mzee huyu, na ninaipenda kazi yake. Mtu aliyekosewa akashika kalamu badala ya jiwe amefanya jambo la maana. Lakini siku hizi kuna vijana wanaomwiga, wanachora kwenye simu zao, na baadhi ya michoro yao imenitia hofu. Ndiyo maana nimeandika mwongozo huu. Ni wa yeyote aliye na fundo moyoni na kalamu mkononi hapa Kigali.

Anza kwa kukilaza kinyongo. Usichore siku ile ile uliyokosewa, maana siku hiyo mkono unatetemeka na kila mtu unamwona ana meno ya fisi. Mzee hungoja juma zima. Siku ya nane akiamka bado anakumbuka rangi ya shati la aliyemkosea, anachora. Akiwa amesahau rangi ya shati, anasamehe, na ukurasa unabaki kwa mwingine. Nimemwona akisamehe watu wengi kwa njia hiyo bila wao kujua kwamba waliwahi kuingia hatarini.

Kinyongo kilicholala vizuri huishi kuliko wenyewe. Biagio da Cesena, msimamizi wa sherehe za Papa Paulo wa Tatu, alilalamika kwamba picha ya Hukumu ya Mwisho aliyokuwa akiichora Michelangelo katika kanisa la Sistine ilikuwa na watu uchi kupita kiasi. Michelangelo hakubishana. Picha ilipofunuliwa mwaka 1541, Biagio alikuwa motoni, pembeni chini kulia, na masikio ya punda na nyoka amemzunguka mwili. Yuko pale hadi leo. Mzee alipohadithiwa kisa hiki alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama masikio yale yalikuwa marefu sana au ya wastani.

Sasa nafika kwenye kanuni ambayo sina mzaha nayo. Usiguse pua.

Najua ni kumnyima mpishi chumvi. Wachora vibonzo wengi duniani huanzia usoni: pua inavutwa, kidevu kinachongwa, masikio yanapanuliwa, na mtu anajulikana kabla hata jina halijaandikwa. Mwaka 1831 Charles Philipon alishtakiwa mjini Paris kwa kumdhalilisha Mfalme Louis-Philippe. Mbele ya mahakama akaonyesha kwa michoro minne jinsi uso wa mfalme unavyogeuka kidogo kidogo kuwa tunda la peari, akauliza ni mchoro upi kati ya hiyo ndio wenye hatia. Baada ya hapo peari ikachorwa hata kwenye kuta za mitaani, na kila Mfaransa alijua ni nani. Mwaka uliofuata mwenzake, Honoré Daumier, alifungwa kwa kumchora mfalme huyo huyo kama jitu linalomeza kodi za wananchi.

Lakini peari ile ilikuwa ya mtu mmoja. Hakuna Mfaransa mwingine aliyesimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani akachunguzwa kama kichwa chake kinafanana na peari. Huku kwetu pua ina historia yake. Wakoloni walizipima, walipima na mafuvu, kwa vyombo vya chuma, wakaandika tarakimu, na katika miaka ya 1930 Wabelgiji wakagawa vitambulisho vilivyoonyesha nani ni Mhutu, nani Mtutsi, nani Mtwa. Mwaka 1990 Hassan Ngeze akaanzisha gazeti la Kangura, jina lenye maana ya "amsha", na Desemba ya mwaka huo likachapisha amri kumi za kuwatenga Watutsi. Kangura lilikuwa na vibonzo, na vibonzo vilikusudiwa kuchekesha. Hilo huniuma kila nikilifikiria: kwamba kulikuwa na mtu amekaa mezani, amechonga penseli yake, anatafuta namna ya kumfanya msomaji acheke kwanza.

Tarehe 4 Juni 1994, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakiendelea, mtangazaji wa redio ya RTLM, Kantano Habimana, aliwaambia wasikilizaji wawatazame watu pua, kisha wazivunje. Maneno hayo yaliwekwa katika kumbukumbu za mahakama ya kimataifa ya Arusha iliyohukumu mauaji hayo, katika kesi iliyomtia hatiani Ngeze pamoja na Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, tarehe 3 Desemba 2003. Ngeze alipewa kifungo cha maisha, na rufaa ya 2007 ikakipunguza hadi miaka 35. Pale Gisozi, upande wa pili wa mji, wamezikwa watu zaidi ya 250,000 waliouawa wakati huo.

Kwa hiyo kijana wangu, unapoivuta pua ya mwenye nyumba wako kwa kidole kwenye kioo cha simu, wewe unafikiri umemchora mwenye nyumba. Bibi anayeuza nyanya mlangoni hapo, akionyeshwa, haoni mwenye nyumba. Anaona kitu alichowahi kukiona. Ukweli kwamba ulizaliwa baadaye na hukukusudia ubaya hauondoi kile anachokiona. Na ninaposema pua, hesabu humo shingo, urefu, vidole, rangi na lafudhi. Vyote hivyo mtu alizaliwa navyo au alivikuta nyumbani. Deni alilokunyima alilifanya mwenyewe, na hilo ndilo la kuchora.

Sisemi kalamu ya Mnyarwanda ifungwe kamba. Rupert Bazambanza, aliyenusurika mauaji yale, alichora kitabu kizima cha picha juu ya familia ya Rwanga, Sourire malgré tout, kilichotoka mwaka 2004. Alirudisha nyuso za watu ambao wengine walitaka wasahaulike. Uso unaweza kuchorwa kwa upendo hivyo, na ukachorwa hata kwa hasira, mradi ubaki uso wa mtu.

Basi chora tendo. Hapa mzee ni mwalimu wangu, na nitakueleza ukurasa mmoja tu ili uone.

Kuna jamaa alikopa kwake, miaka imepita, akawa kila wakikutana barabarani anainama kufunga kamba za viatu hadi mzee apite. Mzee alimchora kwa nyuma. Uso haupo kabisa. Kuna mgongo ulioinama, shati limepanda, mifuko miwili ya suruali imetuna, na vidole kumi vinahangaika chini. Miguuni kuna kandambili. Kandambili haina kamba! Mzee ameichora kwa mistari michache, kipande cha mpira kimechakaa upande wa kisigino, na nyuma yake barabara ya mawe ya Biryogo yenye rangi zake. Hakuna jina. Mtaa mzima ulimtambua jamaa kabla chai haijapoa, na hakuna aliyemtambua kwa sura. Ule ni uchoraji. Mwenye ukurasa ule angeweza kuwa wa ukoo wowote, wa dini yoyote, mrefu au mfupi, na bado ni yeye tu.

Jimmy Spire Ssentongo wa Uganda, mhadhiri na mchora vibonzo, alilijua hilo. Mwaka 2023 aliitisha maonyesho ya mashimo ya barabara za Kampala: wananchi wakapiga picha mashimo yao na kuyaweka hadharani, moja baada ya jingine. Shimo halina kabila. Wenye mamlaka walisumbuliwa na mashimo yale kuliko ambavyo wangesumbuliwa na picha elfu za vitambi vyao, na serikali ikatoa fedha za ukarabati.

Ukitaka kumchora mkubwa mwenye cheo, jua kwanza ulipo. Kanuni ya adhabu ya Rwanda ya mwaka 2018, katika kifungu cha 233, iliweka kifungo cha hadi miaka miwili na faini ya hadi faranga milioni moja kwa anayemdhalilisha kiongozi kwa maneno, ishara, maandishi au vibonzo. Vibonzo vilitajwa kwa jina. Wakili Richard Mugisha akaenda Mahakama ya Juu ya nchi, na Aprili 2019 kifungu hicho kikafutwa. Kile kilichohusu kumtukana rais kiliachwa, na ofisi ya rais yenyewe ikatoa taarifa kwamba Rais Kagame angependelea jambo hilo liwe la madai badala ya jinai. Nashukuru kifungu cha 233 kilikwenda. Nchi iliyoumizwa na vibonzo ina sababu ya kuviogopa, naielewa hofu hiyo hadi mifupani, lakini dawa ya kibonzo kibaya haiwezi kuwa daftari tupu. Kangura halikuwa hatari kwa kuwa lilicheka wakubwa. Lilikuwa hatari kwa kuwa liliwageuza majirani kuwa wadudu.

Nina neno pia kwa wanaokunywa kikombe cha pili. Umbea ni nusu ya kibonzo, na nusu hiyo haimo mikononi mwa mchoraji. Ukurasa ule wa kandambili ulipotoka Biryogo ulikuwa mgongo na vidole kumi. Ulipofika Nyabugogo kwa mdomo, jamaa alikuwa amechorwa uso wa nyani. Jioni wakaja wapwa zake wawili, wamekasirika, wanamtafuta mzee. Alichofanya mzee ni kufungua daftari juu ya meza na kuwaambia, "Watoto wangu, kaeni, tazameni wenyewe." Wakatazama. Mmoja wao akaanza kucheka, akajizuia, akashindwa. Waliondoka wakiwa wamelipiwa chai.

Kwa hiyo ukitaka kueneza habari ya kibonzo, kione kwanza kwa macho yako. Ukisimulia, simulia kilichomo. Ukiona ulimi wako unaongeza pua ambayo kalamu haikuichora, funga mdomo, kwa sababu hapo umekwisha kuwa mchoraji mwenyewe, na wa aina ile mbaya. Kinyarwanda huuita uchochezi huo mdogo mdogo amatiku, na anayeishi nao kila siku anajua kwamba udogo wake ni wa mwanzoni tu.

Na uwe tayari kurudi kwenye ukurasa. Kinyongo kinachochorwa lazima kiwe na mlango, aliyekosea aweze kuingia. Mzee hachani karatasi mtu akija kutubu, maana anasema lililotokea limetokea. Ila huacha upande wa kulia wa daftari wazi, mkabala na kila mchoro. Nilidhani ni kwa sababu wino hupenya.

Mwezi uliopita jamaa wa kandambili alikuja. Ilikuwa Jumamosi ya umuganda, siku ya kazi za pamoja, watu wametoka kusafisha mifereji, majembe yameegemezwa ukutani. Alisimama mbele ya meza, safari hii hakuinama. Akatoa faranga, si zote, akaziweka kando ya sahani ya chapati.

"Mzee wangu, nyingine mwisho wa mwezi ujao."

Mzee akazihesabu, akatikisa kichwa kukubali, akamsogezea kiti. Jamaa akaomba kuuona ukurasa ambao mtaa mzima ulikwisha kuuona isipokuwa yeye. Akautazama kwa muda mrefu, kidole kikifuata mstari wa mgongo wake, kikashuka hadi miguuni, kikasimama.

"Hapa umekosea," akasema. "Iliyochakaa ni ya kushoto."

Akavua kandambili ya kushoto, akaifuta udongo kwenye suruali, akaiweka juu ya meza katikati ya vikombe ili ionekane vizuri. Mzee akaivuta karibu kidogo, akaigeuza kuielekeza kwenye mwanga, akafungua kalamu, akaanza kuchora upande wa kulia.