Chuchumaeni, Trafiki Huyo!

Dar es Salaam kuvunja sheria tunajua, kujificha ndiko kunakotushinda. Chukueni hili la kuchuchumaa. Daladala imeshona, dereva kawashiwa taa na mwenzake anayetoka mbele. Ujumbe umefika: trafiki yupo. Sasa konda, badala ya kunong'ona, anapiga bati kwa kiganja na kupaza sauti mpaka muuza mihogo wa ng'ambo ya barabara anageuka: “Wa kusimama wote chini! Trafiki huyo!”

Tunashuka. Mimi na suruali yangu ya pasi, pua imetua kwenye kapu la dagaa la mama mmoja. “Mwanangu, usinipumulie mboga,” ananionya. Wanafunzi wamezoea, wanachuchumaa huku wakichati. Mzee mwenye kitambi anagoma, magoti yake hayataki. “Basi baba, inama hata kichwa,” konda anambembeleza. Kichwa kinashuka, makalio yanapanda dirishani.

Na muziki, ndugu zangu, haujapunguzwa hata kidogo!

Halafu tunadhani tumemdanganya nani? Saa kumi na mbili jioni, gari la Kariakoo kwenda Mbagala, hakuna hata kichwa kimoja kilichosimama! Vituo vyote tulivyopita vimefurika watu wanaogombea mlango, sisi tunapita wapweke kama gari la harusi iliyovunjika. Hapo ndipo askari anaposhtuka. Tena springi za nyuma zimelala chali. Uzito hauchuchumai.

Corona ilipoingia mwaka 2020 na daladala zikaamriwa levo siti, yaani abiria wote wakae, asisimame mtu, ndipo wengi walipofuzu mchezo huu. Waendesha bodaboda hata hawajaribu kujificha: wanapakia mishikaki, abiria watatu mgongoni, na ekzosi inalia mtaa mzima. Wenye akili ni madereva wa mikoani. Wakisikia kuna tochi ya kupima mwendo mbele, wanaingia kijijini kwa spidi 50 kwa unyenyekevu wa shemasi, mpaka kibao cha kumaliza hamsini.

Juzi trafiki alitusimamisha. Hakuchungulia hata ndani. Aligonga bodi tu, akasema, “Amkeni jamani, miguu isije ikafa ganzi.” Tukaamka, mmoja mmoja, tumejaa aibu na harufu ya dagaa. Dereva akaandikiwa faini yake.

Makonda, kama lazima tujifiche, zimeni redio kwanza. Na aliyechuchumaa atozwe nusu nauli, maana hata nafasi aliyotumia ni nusu.