Tantine Mwiko Anajibu: Madonge, Matunda na Amani ya Nyumba

Wiki hii barua zote zimetoka Bukama, na zote zinazungumzia donge. Tantine Mwiko hakusomea ndoa wala udaktari, alisomea sufuria. Anayetaka kutabiriwa aende kwa mganga. Anayetaka kujua kwa nini donge lake limepasuka, akae hapa.

*Tantine, ndugu yangu anayeishi Austria alinitumia video ya madonge ya viazi yenye tunda katikati. Nikamenya viazi vitamu, nikavichemsha, nikaviponda, nikatia ndizi ndani, nikayatosa madonge kwenye maji ya moto. Yote yakayeyuka. Shemeji alikuwa mgeni siku hiyo. Alikunywa kwa kijiko, akasema, "Asante kwa uji." Nimebaki na aibu.*
*Aliyeaibika, karibu na stesheni*

Dada Aliyeaibika, mshukuru shemeji. Mwingine angeuliza sukari iko wapi.

Ndugu yako hakukudanganya, ila kiazi chake si chako. Waaustria na jirani zao Wacheki hutumia viazi ulaya vyenye unga mwingi. Huvichemsha na maganda ili visinywe maji, huviponda vingali moto, huviacha vipoe, ndipo hutia unga na yai. Ndani huweka plamu iliyotolewa kokwa, pengine na kipande cha sukari mahali pa kokwa. Donge likielea limeiva, nalo hugaagazwa kwenye chenga za mkate zilizokaangwa kwa siagi.

Wewe ulishika kiazi kitamu. Hicho kikipikwa, sehemu kubwa ya wanga wake hugeuka sukari, ndiyo maana kinalegea mkononi. Ukakimenya kwanza, kikanywa maji. Ukaongeza ndizi mbivu, nayo ikatoa yake. Ulitaka kitu gani kisimame hapo?

Chagua kiazi cheupe ndani, kikavu. Kichome kwenye majivu ya mbabula au kipike kwa mvuke, na ganda lake. Kiponde, kipoe kabisa, kisha tia unga wa muhogo kidogo kidogo mpaka kisigande mkononi. Hapo simama! Ukiendelea kumwaga unga utapata jiwe la kumpigia mamba wa Lualaba. Tunda liwe gumu kidogo: embe ambalo halijalegea, au nyama ya masuku iliyotolewa mbegu, msimu wake ukifika. Funga vizuri, donge lisizidi ukubwa wa ndimu, na maji yatokote taratibu. Tosa moja kwanza ulitazame. Likivunjika, ongeza unga kwenye yaliyobaki. Likisimama, muite shemeji.

Na usiuze mbuzi ili ununue viazi ulaya. Vile hupenda baridi ya milima kama Masisi na Lubero. Sisi tuko bondeni, kwenye joto, na Mungu ametupa muhogo.

*Tantine, tangu video hiyo iingie nyumbani, kila jioni ni donge lenye embe. Mimi ni mvuvi na ni Mluba. Mwanaume atalalaje bila bukari?*
*Mwenye Njaa, ng'ambo ya daraja*

Baba Mwenye Njaa, pole. Lakini hebu tuulizane: bukari ni nini kama si donge? Linalokuudhi si umbo, ni utamu.

Huko Vienna mtu mzima mwenye ndevu hula madonge ya tunda kama chakula kizima cha mchana, na hakuna anayemwita mtoto. Waganda wana kabalagala: ndizi ndogo zilizoiva sana, zikapondwa na unga wa muhogo, zikakaangwa. Ila hata wao hawaifanyi kuwa chakula cha kila usiku.

Basi Tantine anakata shauri. Donge lenye tunda liliwe asubuhi, au alasiri na chai. Jioni ni bukari. Mama amesikia. Sasa na wewe sikia: bukari inadai mboga, na mboga ya mvuvi hutoka mtoni. Mume anayerudi na kambale wawili hapewi donge la embe. Anayerudi na hadithi za kambale aliyeponyoka ale anachopewa, na ashukuru.

*Tantine, mkwe wangu huloweka muhogo usiku mmoja tu, kisha anauanika na kuutwanga. Anasema vijana wa sasa hawana muda. Unga wake ni mweupe, madonge yake yanapendeza kuliko yangu. Nikisema neno naitwa mchawi. Ninyamaze?*
*Mama Mkwe Asiyelala*

Mama, usinyamaze. Hapa Tantine anaweka mzaha kando.

Muhogo mchungu una sumu ya sianidi. Kuulowesha siku tatu au zaidi, mpaka ulainike, kisha kuukausha vizuri juani, ndiko kunakoitoa. Usiku mmoja hautoshi. Nchi yetu inaijua gharama yake. Mwaka 1938 daktari Trolli aliandika kuhusu ugonjwa wa konzo, alioukuta Kwango: mtu anaamka miguu imekakamaa, na hairudi tena kama zamani. Upande wa Kahemba umeumia hivyo hadi miaka yetu hii. Wanaoumia zaidi ni watoto na wanawake, hasa wakati wa njaa, watu wanapofupisha siku za kulowesha na kula muhogo bila samaki, nyama wala maharagwe. Weupe wa unga hausemi chochote kuhusu sumu, na kulichemsha donge dakika chache hakuponyi unga uliokosewa tangu mwanzo.

Lakini usimwambie mbele ya wageni, wala usianze na "sisi zamani". Nenda na beseni lako. Lowesheni pamoja wiki hii, naye atwange kwa mkono wake. Yeye ana nguvu, wewe una siku tatu za subira. Akikataa, zungumza na mwanao, maana watoto watakaokula ni wake pia. Na kila siku ya muhogo samaki wawepo, hata wadogo. Bukama hatuna sababu ya kuwakosa.

*Tantine, nauza vitumbula vya ndizi kwa wasafiri. Vinakunywa mafuta mpaka karatasi inalowa. Tena nataka kuweka embe ndani, lakini linapasuka na kunirukia usoni.*
*Muuza Vitumbula*

Dada, unafanya kazi ya heshima. Tangu reli ilipofika Bukama kutoka kusini mwaka 1918, hapa ndipo watu waliposhuka kwenye gari moshi na kupanda mashua kuteremka Lualaba hadi Kongolo. Msafiri anataka kitu kisichomwagika, kisichochafua nguo, na kinachovumilia treni isiyojua saa.

Kitumbula hunywa mafuta kwa sababu mafuta hayajapata moto, au kwa sababu umejaza sufuria vikapoozana. Dondosha tone la ute wa unga: likizama likakaa chini, subiri, likipanda mara moja na povu, anza. Kaanga vichache vichache. Ndizi ikiwa mbivu sana punguza sukari, kwani sukari nyingi hubabua nje na kuacha ndani kubichi.

Embe linapasuka kwa sababu maji yake yanageuka mvuke na kutafuta mlango. Likate vipande vidogo, livingirishe kwenye unga mkavu, na usiache ufa hata mmoja. Ukiona bado linakurukia, liponde uchanganye na ndizi. Mteja analipia ladha, hakuja kupekua ndani.

*Tantine, nikiwapelekea wazazi wa msichana sahani ya madonge yenye tunda, watanipunguzia mahari?*
*Kijana wa Bukama*

Hapana. Peleka mahari.

Kwa wote walioandika, hukumu ya wiki ni hii: pika kwa kilichopo sokoni, ogopa maji kuliko unavyoogopa moto, na usimlaumu aliyetuma video kabla hujatazama kiazi chako. Wiki ijayo leteni barua, na atakayetaka kuleta donge la kuonja alete. Ila aseme kwanza, mbele ya mama mkwe wake, muhogo ule ulilala majini siku ngapi.