Kompyuta Yangu na PS ya Shemeji

Ukitaka kuvunja undugu bila kugusa habari za mirathi, uliza tu gemu inanoga wapi: kwenye kompyuta au kwenye PS. Mimi ni wa kompyuta. Shemeji yangu, aliyemuoa dada, ni wa PS4, na hoja yake haijabadilika tangu posa: unaweka diski, unashika pedi, unacheza. Anavyoitamka utadhani kaivumbua yeye.

Hoja yangu ni fremu. Gemu nyingi nzito kwenye PS4 zinaishia fremu 30 kwa sekunde. Mashine yangu ikiamka vizuri inagonga 60. Akibisha, namtajia Cyberpunk 2077. Ilipotoka Desemba 2020, toleo la PS4 lilikuwa linaganda ovyo, hadi Sony wakaiondoa kwenye duka lao la mtandaoni. Ilirudi Juni 2021. Hapo huwa ananiuliza kama chai imeiva.

Jumapili moja nikamwita kwangu Tandika aje ashuhudie. Nikaiwasha hiyo hiyo Cyberpunk. Kompyuta, kabla ya kukuonyesha chochote, kwanza inaandaa michoro yake taratibu, na asilimia zinapanda kwa hiari yao. Ilipofika 12 shemeji alikuwa amemaliza soda. Ilipofika 31 akaomba maji.

Mchezo ulipofunguka, kadi ya picha ikaanza kunguruma kama mashine ya kusaga. Joto la Machi na bati la kwangu unalijua. Nikafungua ubavu wa kompyuta, nikaichukua feni ya mezani iliyokuwa inampepea shemeji, nikaielekeza humo ndani.

"Shemeji, hiyo feni si ya mgeni?"

"Mgeni anatoka jasho, shemeji. Kompyuta haitoi."

Tukaingia mjini. Pembeni ya skrini nilikuwa nimeweka namba za fremu: 60, 58, 60. Raha iliyoje! Shemeji akanitazama kwa muda, akasema, "Lakini huchezi. Unaangalia namba." Nikamjibu namba ndiyo mchezo wenyewe. Nilikuwa katikati ya kufafanua pale LUKU ilipoanza kulia ukutani. Uniti ambazo mke wangu alizinunulia pasi ya sare za watoto zilikuwa zimeishia kwenye vita vya mwaka 2077. Giza likatukuta na feni imeelekea kompyuta.

Yeye naye asijione msafi. PS yake iliwahi kuzima katikati ya mechi, timu yake ikiongoza. Fundi wa Kariakoo alipoifungua, mende walitoka kwa foleni. Karibu na pawasaplai, penye joto zuri, maganda ya mayai yao yalikuwa yamenata kwenye sakiti. Shemeji alilipia kusafisha, na bado anasisitiza kwamba waliingilia kwa fundi.

Sasa ugomvi umehamia GTA VI. Trela ya kwanza, Desemba 2023, iliahidi 2025. Ikasogezwa hadi 26 Mei 2026, kisha 19 Novemba 2026. Imetangazwa kwa PS5 na Xbox Series X na S. Kompyuta haikutajwa. Kila habari ikitoka, shemeji ananitumia WhatsApp na vikatuni vya kucheka, yeye mwenye PS4 ya mende! Wote wawili hatuna pa kuichezea, ila mwenzangu anahesabu ushindi. Namwambia sisi wa kompyuta tumezoea kungoja: GTA V ilitoka Septemba 2013, tukaipata Aprili 2015. Red Dead Redemption 2 nayo ilitoka Oktoba 2018, ikatufikia Novemba 2019. Anayengoja anapata kilichonyooshwa. Kwamba hiyo ya pili ilitufikia na matatizo yake, shemeji hajui, na mimi si mtangazaji.

Juzi amenipigia. Ameanza kibubu cha PS5 na anaomba nichangie, kwa sababu eti siku ya kwanza nitajileta mwenyewe kuangalia. Nikamuuliza kwanza aniambie hiyo gemu itatoa fremu ngapi. Akakata simu.