Motere Mpya, Gari la Zamani: Mwongozo wa Kuuguza Mark II Pale Kasapa

Hongera. Mark II ya mwaka 1993 iliyotoka kiwandani na 1G-FE, injini tulivu ya lita mbili na nguvu za farasi 135, sasa imebeba 1JZ-GTE: lita mbili na nusu, turbo mbili, farasi 280 kwa hesabu ya Toyota yenyewe. Imewaka, Kasapa nzima imesikia, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi (UNILU) waliokuwa wakisubiri basi wamekupiga picha kwa simu zao. Kisha ikapita wiki. Sasa gari linazima kila likikaribia kusimama, linakohoa ukikanyaga mafuta, linachemka kwenye foleni, na taa ya injini inakukodolea macho kama mdai. Mwongozo huu ni wako.

Kabla hujashika spana, amini jambo hili: injini haina kosa mpaka kosa lionekane. Imefanya kazi miaka mingi huko Japani ndani ya gari lake, na kilichobadilika ni mahali inapokaa. Ugonjwa hukaa pale kipya kilipokutana na kikuukuu: waya uliounganishwa, bomba lililorefushwa, pampu iliyoachwa ile ile, rejeta iliyotosha kwa farasi 135. Anayeanza kwa kufungua kulasi, yaani kichwa cha silinda, atalipia gasketi mpya, atafunga, atawasha, na gari litakohoa vile vile.

Kwa hiyo anza kwa kuwahamisha watazamaji. Boneti ikifunguliwa Kasapa, baraza hujiunda lenyewe. Yuko papa aliyeendesha malori ya kampuni ya migodi ya Gécamines enzi zake. Yuko kijana anayejua kila kitu kwa kuwa ameona video. Yuko mpita njia aliyekuja tu kuuliza bei. Kila mmoja ana ugonjwa wake tayari mkononi: “Yaya, iyi ni kulasi.” “Hapana, turbo imekufa.” “Mafuta hayo, yamechanganywa huko Kasumbalesa.” Wape viti, wape maji, wakae mita kumi kutoka kwenye gari. Papa wa malori ana elimu ya kweli na aulizwe, ila aulizwe swali moja kwa wakati mmoja, na jibu lake lipimwe kabla mtu hajakimbia sokoni kununua kipuri.

Baraza likitulia, muulize shahidi aliyekuwapo wakati wote: kompyuta ya injini. Toyota za kizazi hiki hazikudai mashine ya kusomea. Chini ya boneti kuna kisanduku kidogo cheusi kilichoandikwa DIAGNOSIS, na ndani ya kifuniko chake yamechorwa majina ya matundu. Injini ikiwa imezimwa, unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, fungua swichi bila kupiga stata, halafu hesabu jinsi taa ya injini inavyopepesa. Ikipepesa haraka na sawasawa bila kupumzika, hakuna kosa lililohifadhiwa. Ikipepesa mara nne, ikatua, kisha mara mbili, hiyo ni 42: kompyuta haipokei mwendo wa gari. Namba 22 ni kihisi cha joto la maji, 31 ni kihisi cha presha ya hewa, 41 ni kihisi cha vali ya hewa, ile inayofunguka ukikanyaga mafuta, 52 ni kihisi cha kugonga kwa injini. Injini inayozungushwa na stata bila kuwaka, ikatoa 12 au 13, haipati habari za mzunguko wa kranki na kamshafti. Tazama soketi zake kabla ya kitu kingine. Namba 51 isikutishe: hutokea hata kiyoyozi kikiwa kimewashwa au mguu ukiwa juu ya pedali.

Hiyo 42 ni mwenyeji wa magari yaliyobadilishwa injini. Mara nyingi kihisi cha giaboksi hupeleka habari kwenye dashibodi, na dashibodi huipitisha kwa kompyuta. Fundi akiunganisha nyaya za injini mpya, huo mmoja unaotoka kwenye dashibodi husahaulika, kwa sababu injini inawaka bila huo. Matokeo yake ni gari linalozima likikaribia makutano, maana kompyuta haijui kuwa linasimama. Waya mmoja tu. Nimeona watu wakitaka kuuza injini nzima kwa sababu yake.

Taa ya injini ina mpaka wake, na kwenye mpaka huo ndiko pesa nyingi hupotelea. Taa huona nyaya, mabomba haiyaoni. 1JZ-GTE haihesabu hewa inayoingia. Hupima presha ndani ya manifoldi kupitia bomba jembamba la mpira, kisha hukadiria hewa na kumwaga mafuta kulingana na kadirio hilo. Kasapa iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hewa yetu ina presha ya kilopaskali 88 hivi, wakati Dar es Salaam, injini hizi zinakoshukia bandarini, ina 101. Injini ikizunguka bila kukanyagwa, ndani ya manifoldi hubaki presha ndogo zaidi kuliko hiyo. Sasa fikiria bomba hilo limechomoka, au limechomekwa kwenye tundu lililo kabla ya vali ya hewa kwa kuwa matundu yanafanana. Kihisi kitasoma 88 hata injini ikizunguka bila kukanyagwa. Kompyuta itaamini umekanyaga mpaka chini na itamwaga mafuta bila huruma: moshi mweusi, buji zilizolowa, harufu ya petroli mpaka barabarani. Na namba 31 haitatokea, kwa sababu kwa umeme kihisi ni kizima kabisa, kinasema ukweli kuhusu bomba lisilo lake.

Chukua muda kwenye mabomba haya. Yafuate kwa kidole, moja moja, kutoka mwanzo hadi mwisho, ukiwa na picha ya mchoro wa kiwanda mkononi. Kwenye mfumo wa turbo mbili yako mengi, na mpira wa miaka zaidi ya 30 hupasuka ukiushika. Hewa ya ziada ikiingia baada ya vali, injini ya aina hii huzunguka kwa kasi ikiwa tupu, kwa sababu kihisi huiona presha imepanda na kuongeza mafuta. Ukisikia injini inapiga kelele hata bila mguu, usiende kukaza skrubu ya kasi. Pakaza povu la sabuni kwenye viungio vya mabomba makubwa ya turbo, sukumia humo hewa ya kompresa kwa presha ndogo injini ikiwa imezimwa, na utazame mapovu. Sabuni ndiyo kipimo cha bei rahisi kuliko vyote katika mji huu.

Halafu waya wa masi, ule unaounganisha hasi ya betri na chuma cha injini. Injini ya kwanza ilikuwa na wake. Ya pili imekuja bila wa kwake, au umefungwa juu ya rangi. Weka mita ya umeme, ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, na mwenzako apige stata. Ukiona nusu volti au zaidi, umempata mhalifu mmoja. Masi mbovu huiga magonjwa yote: vihisi husema uongo, taa hupepesa, stata huchoka, na mwenye gari hununua betri mpya ambayo nayo itaonekana mbovu. Injini ikiwa inafanya kazi, betri isome kati ya volti 13.5 na 14.5.

Kama gari lilikuwa la otomatiki na ukaweka giaboksi ya mkono, na sasa ukizungusha ufunguo halitoi hata mlio, usilaani stata. Saketi yake ilipita kwenye swichi ya lever iliyoruhusu kuwasha katika P na N tu, na swichi hiyo imeondoka na giaboksi. Wengi huunganisha nyaya mbili na kuendelea na maisha. Mimi nasisitiza zipitishwe kwenye swichi ya pedali ya klachi, ili mtoto akizungusha ufunguo gia ikiwa ndani, gari lisiruke na kumgonga mtu.

Sasa mafuta. Gari linavuta vizuri mpaka turbo zinapoamka, kisha linakohoa na kusita. Hapo usiendelee kujaribu kwa ujasiri! Pampu ndani ya tangi bado ni ile ya 1G-FE, iliyolisha nusu ya farasi hawa. Turbo zikisukuma hewa na petroli isifike, mchanganyiko unakauka, injini inagonga, na pistoni inaweza kuyeyuka kabla hujaondoa mguu. Funga geji kwenye bomba la mafuta na ukumbuke sheria moja: presha ya turbo ikipanda kwa nusu bari, ya petroli nayo lazima ipande kwa nusu bari ile ile. Ikibaki palepale, angalia bomba dogo la hewa linaloingia kwenye regyuleta. Ikianguka, ni pampu, au umeme unaoifikia pampu ni haba. Kuhusu petroli yenyewe, 1JZ-GTE ilitengenezwa kwa ile ya daraja la juu ya Japani. Hapa kwetu jaza kituo kimoja unachokiamini.

Joto ndilo ninalolionea uchungu zaidi, kwa sababu injini nzuri nyingi zimekufa kwalo bila sababu. Pwani, maji huchemka kwa nyuzi 100. Kasapa huchemka kwa nyuzi 96 hivi. Thamostati ya 1JZ hufunguka karibu na 82. Kinachotuokoa ni kifuniko cha rejeta, ambacho hufunga presha na kusogeza kuchemka mpaka juu ya 110. Kifuniko kikilegea, umebaki na nyuzi 14 tu kati ya afya na mvuke. Kwa hiyo anza hapo, kipuri cha bei ndogo kabisa. Kisha inua pua ya gari, wacha hita wazi, jaza taratibu mpaka mapovu yaishe. Kisha tazama lile bakuli la plastiki linalozunguka feni, ambalo fundi aliliondoa kwa sababu halikuingia: bila hilo, feni huvuta hewa ya pembeni badala ya ile inayopita ndani ya rejeta. Ukiweka feni ya umeme, shika karatasi mbele ya rejeta. Ikisukumwa badala ya kunyonywa, nyaya zimegeuzwa.

Na thamostati isitolewe. Najua desturi yetu, na najua mafundi wanaoitupa kwa moyo safi wakisema nchi hii ni ya joto. Kwenye injini hii thamostati ikifunguka huziba pia njia ya mkato. Ukiitoa, sehemu ya maji huzunguka tena na tena bila kupita kwenye rejeta. Gari linachemka kwa dawa yenyewe.

Moshi wa bluu baada ya kubadilisha injini hufanya watu waizike turbo ikiwa hai. Kabla ya mazishi, angalia bomba la kurudisha oili kutoka kwenye turbo. Lazima lishuke moja kwa moja, bila kupinda, bila gundi ya gasketi iliyoziba tundu. Oili isipopata njia ya kushuka, itapita kwenye ekzosi. Mkanda wa taimingi badilisha bila mjadala, pamoja na pampu ya maji, kwa sababu Toyota waliupa kilomita 100,000 na hakuna anayejua wako umekwenda ngapi.

Nyaya nazo ziungwe kama za mtu atakayekaa hapa misimu mingi. Kuanzia Novemba hadi Machi mvua inaingia kila mahali, na kiungio kilichosokotwa na kuviringishwa tepu hufanya kutu ya kijani ndani yake huku nje kikionekana kipya. Lehemu, au bana kwa koleo lenyewe la kubania, kisha funika kwa mpira unaosinyaa kwa joto. Umeme wa SNEL ukikatika pasi ya kulehemu ikiwa juu ya waya, kata kiungio hicho na ukianze upya umeme ukirudi. Risasi iliyopoa katikati ya kazi itakuangusha usiku, mbali na nyumbani. Kiangazi kinapofika, lile vumbi jekundu litaingia kwenye filta ya wazi yenye umbo la koni inayopendwa na vijana. Rudisha sanduku la kiwanda.

Mlipe fundi kwa saa alizotumia kutafuta. Anayelipwa kwa vipuri tu atakupa vipuri. Yule aliyetumia mchana mzima na mita na sabuni, akapata bomba moja lililochomekwa vibaya, amekufanyia kazi kubwa kuliko aliyebadilisha turbo mbili.

Mwisho ni breki. Gari hili lilizaliwa likisimamisha farasi 135 na sasa lina zaidi ya mara mbili, usukani ukiwa kulia katika nchi ambayo magari hupita upande wa kulia, ambapo dereva akitaka kulipita lori haoni mbele mpaka awe ametoka nje. Barabara ya Kasapa hujaa wanafunzi wanaotembea kwa miguu asubuhi na jioni. Tafuta breki za Tourer V, ndugu wa kiwandani wa Mark II hii aliyetoka na 1JZ-GTE: diski kubwa zaidi na kaliper zake. Badilisha mipira ya breki na maji yake. Jaribu gari nje ya saa za masomo, kwanza kwa mwendo mdogo, simama kwa nguvu, ona kama linavuta upande. Mpaka breki hizo ziwe zimefungwa na kujaribiwa, acha presha ya turbo kama ilivyotoka Japani.