Udongo wa Machakos Ufuoni Malindi

Mwanamke wa Malindi akiolewa na Mkamba, Desemba yake huingia Oktoba. Huingia kwa simu ya wifi mkubwa, ambaye hana desturi ya salamu ndefu. "Wifi, mwaka huu tunakuja wote. Na Mama anakuja." Hiyo ilikuwa 2023, na kabla sijapata nafasi ya kusema karibuni, akatia neno lililonikosesha usingizi: "Lakini msihangaike. Tutapanga nyumba."

Wenzetu wa bara huona huo ni utu. Kwetu, wakwe kulala kwa kulipa ilhali mtoto wao ana nyumba ni habari ya kusemwa harusini na matangani. Mamangu mzazi, ambaye tumetenganishwa na ukuta mmoja mtaani Shela, alikuwa ameshasikia kabla sijakata simu. "Watasema umewanyima mkeka," akanena. Nikamkumbusha kwamba nyumba yangu ina vyumba viwili, maji ya mfereji huja yakitaka, na wageni ni kumi na mmoja. Akanijibu, mgeni njoo, mwenyeji apone. Nikamuuliza mwenyeji atapona vipi akilala jikoni. Hakunijibu, maana alikuwa ameshaanza kuhesabu magodoro.

Baba watoto ndiye aliyekata shauri. "Waache wapange. La kuamua ni wapi tu." Masikini, alidhani amemaliza.

Kundi la WhatsApp likafunguliwa, na ukoo ukagawika mapande manne. Baba watoto alitaka Malindi mjini. Alitaja soko, hospitali na tuktuk za kila kona. Hakutaja kwamba mjini angeweza kuaga saa tatu usiku akarudi kwenye kitanda chake. Shemeji alitaka Kilifi. Hori yake ina maji matulivu, akasema, na mji wenyewe uko katikati ya safari, kilomita kama 60 kutoka Mombasa na nyingine kama hizo kufika Malindi. Mamangu hakutaka hata kuisikia hoja hiyo. Daraja la Kilifi lilifunguliwa 1991, na kabla yake watu walivuka kwa feri, tena kwa zamu. "Kilifi nimelala vya kutosha," akasema. "Ndani ya basi."

Chaguo lake yeye lilikuwa Mambrui, ng'ambo ya mto Sabaki, kwa binamu yake, karibu na lile kaburi la kale lenye nguzo iliyopambwa bakuli za Kichina. Wifi mkubwa akaandika kwamba watoto hawatoki Machakos kuja kulala makaburini. Mambrui ikafa pale pale, na Mama akainunia simu yangu.

Wifi mdogo hakubishana na mtu. Alituma picha. Nyumba nyeupe ya Watamu, paa la makuti, baraza pana, na bahari ya samawati imefika hadi ngazini. Chini yake maneno machache: hatua kumi kutoka majini, shilingi 12,000 kwa usiku. Picha ikawanyamazisha wote. Kura zikapigwa, Watamu ikapita, na amana ikatumwa kwa dalali kabla ya magharibi.

Mama akaiomba ile picha, akavaa miwani, akaitazama kwa makini. "Hii imepigwa bamvua, saa kumi jioni," akasema. "Muulizeni huyo dalali asubuhi bahari huwa iko wapi."

Hapo nieleze kidogo, kwa ajili ya waliokulia mbali na maji. Bahari yetu hujaa mara mbili na kukupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kama dakika 50. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu huwa bamvua: maji hupanda sana na kushuka sana, tofauti ikikaribia mita 4. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, hayaji juu wala hayaendi mbali. Na bamvua ya pwani yetu ina saa zake. Kujaa ni karibu na saa kumi, alfajiri na jioni. Kukupwa ni karibu na saa nne. Wavuvi wanayajua haya bila kufungua kalenda. Wageni wetu walikuwa waingie tarehe 26 Desemba, na mwezi mpevu ulikuwa tarehe 27. Niliyaandika yote kwenye kundi. Wifi mdogo akanijibu kwa kidole gumba.

Walipandia treni Athi River baada ya Krismasi, maana mavyaa, mama yao, haachi kanisa lake siku hiyo kwa ajili ya bahari ya mtu yeyote. Mombasa wakaingia matatu, wakaionja foleni ya Mtwapa, na juu ya daraja la Kilifi mavyaa akafumba macho akasali kwa sauti mpaka dereva akapunguza mwendo. Mapajani alikuwa na gunia dogo la muthokoi, mahindi yaliyokobolewa. Nilipompokea Watamu usiku ule, nikamwambia, "Mama, huku chakula kipo." Akasema hata Nairobi aliwahi kuambiwa hivyo. Nilikuwa nimetangulia na sufuria ya pilau. Wakala, wakasikia mvumo wa mawimbi mbali mwambani, wakafurahi, wakalala.

Saa kumi alfajiri bahari ikaja ukutani. Ilipiga pigo la kwanza, vioo vikatetemeka. Mavyaa, ambaye kwa miezi mitatu alikuwa akisikiliza redioni habari za mafuriko ya El Niño, aliinuka na neno moja tu: "Mafuriko!" Nyumba nzima ikatoka mbio. Shemeji alibeba godoro kichwani, wifi mdogo akaokoa chaja ya simu, watoto wakaokoana wenyewe. Mlinzi wa getini aliuliza mwizi yuko wapi. Nikamwambia ni bamvua. Akasema, "Ahaa," akarudi kwenye kiti chake. Mavyaa hakurudi ndani. Aliketi juu ya gunia lake pale getini mpaka kukapambazuka.

Saa nne watoto wakavaa nguo za kuogelea, wakashuka ngazi, wakasimama. Bahari haikuwepo. Ilikuwa imejivuta mpaka mwambani, ikaacha mchanga, vidimbwi na majani, na vile visiwa vya mawe vya Watamu vimesimama pakavu, watu wanavizunguka kwa miguu. Mavyaa akaomba simu ya wifi mdogo. Akaitazama picha, akautazama ufuo, akaitazama picha tena. "Hatua kumi," akasema kwa upole, kisha akamtuma mjukuu wake akazihesabu. Mtoto alirudi baada ya muda mrefu, amepotewa na hesabu baada ya mia sita.

Tukaingia ndani kunywa chai. Mavyaa akaonja, akaweka kikombe chini, akaniuliza kama sukari ya huku huvunwa baharini. Nyumba ilitumia kisima chake, na visima vya karibu na ufuo mara nyingi hutoa maji ya chumvi. Hilo si la jana. Kilomita chache kutoka pale kuna magofu ya Gede, mji wa mawe uliositawi kwa karne kadhaa na kuhamwa katika karne ya 17. Wenyewe waliujenga mbali na ufuo, wakachimba visima virefu, na kukauka kwa visima hivyo ni mojawapo ya sababu wanazozitaja watafiti wanapoeleza kuhama kwao. Watu wa Gede waliuliza maji kwanza. Ukoo wetu uliuliza picha.

Tulipokuwa tukiijadili chai, kima akaingia jikoni kwa dirisha. Aliuruka mkate wa dukani, akayaruka mayai, akachukua bakuli zima la mahamri aliyoyapika Mama, akapanda nalo mwembeni. Wifi mkubwa akapiga yowe, shemeji akarusha kiatu, na kiatu kikabaki mtini pamoja na bakuli. Nilipompigia Mama kumweleza, sauti yake ilichangamka kwa mara ya kwanza tangu kufa kwa Mambrui. "Hata kima anajua," akasema.

Jioni, saa yake ilipofika, bahari ikarudi kimyakimya. Ikachukua jozi tatu za ndara, mkeka wangu wa ukili na kile kiatu cha pili cha shemeji. Mavyaa akatoa hukumu. Hatalala tena mahali ambapo bahari haina adabu. "Nipelekeni kwa mwanangu." Wifi mdogo akalia kwamba nyumba imelipiwa mpaka Mwaka Mpya. "Basi ilale yenyewe," akajibiwa.

Kesho yake tukaingia Malindi. Wakaomba waone ufuo kwanza, na pale vijana wa pwani wakamlaki mavyaa kwa "Ciao, mamma!" Wataliano wako nasi tangu miaka ya sitini, walipojenga kituo chao cha kurushia setilaiti baharini Ngomeni na kurusha ya kwanza kutoka pale mwaka 1967, na Kitaliano kikawa lugha ya biashara ya mchangani. Mavyaa akamjibu kijana kwa Kikamba, kirefu, bila kupumua. Kijana akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Shikamoo, Mama."

Wifi mkubwa alikuwa amefika kwenye maji, amekunja uso. Ghuba nzima ilikuwa ya rangi ya udongo. "Wifi, hii ni bahari au ni chai ya maziwa?"

Mama, aliyekuja kutupokea na buibui lake la kutokea, akamtazama. "Usiyatukane, mwanangu. Hayo yametoka kwenu."

Na kweli yametoka kwao. Mto Athi huanzia nyanda za juu karibu na Nairobi, hupita Machakos na Makueni. Ukikutana na mto Tsavo huitwa Galana, na ukikaribia pwani huitwa Sabaki, hadi unapomwaga maji yake baharini kaskazini ya Malindi. Mwaka ule mvua za El Niño zilikuwa zimekomba mashamba ya bara, na upepo wa kaskazi, unaovuma Desemba hadi Machi, hulisukuma tope la Sabaki kuja kusini, kwenye ghuba yetu. Kusi ikivuma, tope huelekezwa Ngomeni na ghuba ya Ungwana. Udongo huo umekuja kwa wingi hivi kwamba ufuo wa Malindi umejaa na kusogea, na hoteli za zamani zilizojengwa kandokando ya maji leo wageni wake hutembea mchangani kwanza ndipo walowe. Watamu iko kusini zaidi, tope halifiki sana, na ndiyo sababu picha zake hupendeza.

Mavyaa aliinama, akachota tope, akalisugua kwa vidole, akalinusa. Huyu ni mwanamke aliyechimba matuta ya kuzuia mmomonyoko tangu usichana wake, yeye na akina mama wa kijiji chake, jembe kwa jembe. Akaliambia lile tope, "Miaka yote nakuzuia, kumbe ulikuwa na safari." Kisha akatugeukia. "Nitalala hapa. Hapa nina shamba."

Nyumbani akapewa chai, akamaliza kikombe, akaongezwa. Mama akamweleza kwamba maji ya mfereji wetu hutoka Baricho, kwenye visima vilivyo kando ya mto huo huo, kwa hiyo hata chai ni yake. Tangu dakika ile wazee wawili wakawa chama kimoja, na sisi wengine tukawa upinzani. Waliamua nani alale wapi. Mimi nilipata jikoni, kama nilivyotabiri. Baba watoto alipata barazani, yeye na mbu wake.

Shemeji na wifi mdogo walibaki Watamu kuilinda pesa. Dalali hakurudisha hata senti ya wale waliohama. Lakini siku ya Mwaka Mpya walikuja kula Shela, na chakula cha siku hiyo kilizaa kesi yake. Mama alikuwa ameichukua muthokoi bila ruhusa akaipika kwa tui la nazi. Mavyaa aliitazama sahani kimya. Akala. Akapeleka sahani mara ya pili. Alipomaliza, akafuta midomo, akasema imepungukiwa chumvi kidogo, na kwamba wangemtuma mtu Watamu akalete maji. Wifi mdogo ndiye pekee ambaye hakucheka.

Basi, kwa anayepanga kuja kwetu. Ukitaka maji ya samawati mwezi wa Desemba, nenda Watamu, lakini tazama mwezi kwanza: siku za maji mafu watoto wataoga bila kufuata bahari mwambani. Ukitaka utulivu na hori isiyokupiga ukutani, Kilifi itakufaa. Ukitaka soko, pizza, historia na kelele za watu, njoo Malindi, na kama mvua imenyesha bara usishangae rangi ya maji. Onja maji ya mfereji kabla ya kutuma amana, au mtume mtu akuonjee. Jikoni funga madirisha. Na dalali akikutumia picha ya nyumba iliyo hatua kumi kutoka baharini, usiulize bei kwanza. Muulize picha ilipigwa saa ngapi.