Sifa za Oringi

Mnazi umesifiwa, jahazi limesifiwa, na mchumba amesifiwa mpaka akachoka. Oringi haijapata hata ubeti mmoja. Namaanisha ile pete nyeusi ya mpira, unene wake milimita mbili na ushee, inayojificha nyuma ya triga ya bunduki ya upepo, ile tunayofungulia nati gereji. Leo nasimama kuitendea haki.

Sifa yake kuu ni ukweli. Siku oringi inapochoka, husema hapo hapo: ssss. Haiitishi kikao, haiundi kamati, haisemi suala linafanyiwa kazi. Inasema mbele ya mteja, mbele ya fundi, mbele ya muuza kahawa aliyekuja kudai hela yake. Ukiongeza sauti ya redio, inangoja wimbo uishe iendelee. Tena ukweli wake hauhitaji hadhira. Gereji ikifungwa, watu wakaenda makwao, yenyewe inabaki gizani inatoa ushahidi. Upepo unapungua kwenye tenki, kompresa inaamka saa nane za usiku, inanguruma mpaka ijae, inalala, inaamka tena. Mlinzi ameshaizoea. Nani mwingine Dar es Salaam hii anasema kweli usiku kucha bila posho? Ila Luku ya umeme ni yangu! Uniti nilizonunua jioni naamka nazikuta zimekuwa ssss, na hela ya ssss hairudi, na hapo ndipo hamu ya kusifu hunipungua.

Tuendelee. Oringi haikuachi ukapige ramli. Koroga sabuni ya unga na maji, pakaza kwa brashi kuanzia kwenye kiungio, fuata mpira wa upepo, panda mpaka kwenye triga. Panapovuja patafanya povu. Mafundi wengi hawana muda na sabuni. Bunduki ikishindwa na nati za Fuso, hukumu ni moja: imekufa, bosi anunue nyingine. Kumbe bunduki inataka PSI 90 ziifikie yenyewe, siyo zibaki kwenye geji ya kompresa, na njiani kuna mpira mwembamba, kiungio kilicholegea, na maji. Hewa yetu ya pwani ina unyevu, ukiibana kwenye tenki unatoka maji, na asipopatikana mtu wa kufungua koki ya chini kila jioni, maji hayo yanaingia ndani ya bunduki, yanasafisha mafuta yote, yanaleta kutu, na zile bleidi za kwenye rota zinagandia katika mifereji yake. Matone machache ya mafuta mepesi kila asubuhi yangetosha. Fundi wangu huweka oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini. Sifa zake yeye zitahitaji makala nyingine.

Oringi pia ni rahisi kwa bei, haibagui Mjapani wala Mchina, na haijazi mfuko. Hayo yanatosha.

Asili yake ni ya heshima. Niels Christensen, mzaliwa wa Denmark aliyehamia Marekani, mtu aliyehangaika na breki za upepo za tramu, alipewa hataza ya oringi mwaka 1939, umri wake umeshapita miaka 70. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto, serikali ya Marekani ikaichukua hataza hiyo ili viwanda vitengeneze pete bila kugombana. Basi kwa ajili ya ndege za kivita, ilikubalika kwamba pete ipatikane. Kwa ajili ya gereji ya Ilala, bado.

Maana nilikwenda kwa wakala wa bunduki hizo. Kiyoyozi, kaunta ya kioo, maji ya kunywa ya bure. Nikaiweka pete yangu juu ya kioo: upande mmoja imelala bapa, na ukiikunja unaona ufa mwembamba. Kijana, mpole kabisa, akafungua mchoro kwenye kompyuta. Bunduki yote imetawanywa vipande vipande, kila kipande na namba yake, na oringi yangu nayo ina namba! Nikajua nimefika.

"Hiyo haiuzwi peke yake, bosi. Inakuja na seti ya vali."

"Nipe seti."

"Seti hatuna. Inaagizwa."

"Inafika lini?"

"Tutakupigia. Ila bunduki nzima zipo," akanyoosha mkono kwenye shelfu.

Sasa namba waliiweka ya nini? Mtu anakichora kipuri, anakipa namba, anakiandika kwenye kitabu, halafu anakataa kukiuza. Kwamba oringi itachoka wanajua vizuri kuliko mimi. Wamekaa upande wa pili wa ssss yangu wananingoja na mashine mpya.

Kwenye maduka ya Gerezani ni kinyume chake: huko kila kitu kipo. Muuzaji anamimina oringi kutoka kopo la maziwa, za Kijapani zenye unene wa milimita 2.4, za Ulaya 2.5, za Kimarekani 2.62, zote zimelala pamoja kama ndugu. Anachagua moja, anaivuta kwa vidole viwili, anaitazama kwenye mwanga. "Yenyewe hii, mkubwa. Orijino." Ukitoa vernia kuipima, ananuna. Ikiwa nene, triga ikibonyezwa hairudi. Ikiwa nyembamba, tunarudi kwenye ushahidi wa usiku. Na kama siyo mpira wa nitrili unaovumilia mafuta, itavimba humo humo ndani. Nilimuuliza ni mpira wa aina gani.

"Mpira mzuri."

Nikanunua za saizi zote, nikaondoka.

Wakala, nisimsingizie, alinipigia kweli. Alitaka kujua kama nimeshaamua kuhusu ile bunduki mpya.